Kilwa Kisiwani: je, Mreno ndiye aliyeuua mji, au aliukuta umekwisha kuchoka?

#1 Mpenda Magofu
Wakuu, salamu. Tumerudi Dar kutoka Kilwa Kisiwani mimi na wanangu, na nyumbani kwangu hapa Tabata ubishi haujaisha. Mwongozo aliyetutembeza alitueleza kwa uhakika kwamba mji ule wa masultani ulikuwa katika kilele chake hadi Julai 1505, meli za Francisco de Almeida zilipoingia, na kwamba kila tunachokiona leo kikiwa gofu ni kazi ya mizinga ya Mreno. Mimi sikubaliani naye. Jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane lililojengwa juu ya jabali linalotazama bahari, lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, likaachwa hata kabla ya kumalizika. Mreno alipotia nanga, jumba lile lilikuwa limekaa bila mfalme kwa zaidi ya miaka 150. Dai langu ni kwamba Kilwa ilikuwa inashuka kwa muda mrefu, na Mreno alimkuta mgonjwa kitandani. Wenye ujuzi tafadhali wachangie.

#2 Mtoto wa Temeke
Mimi nimezaliwa kando ya Barabara ya Kilwa, nimekulia kando ya Barabara ya Kilwa, na Kilwa yenyewe sijaifika. Nimekaa hapa mbele kusoma. Mkimaliza kubishana, mtu mmoja anieleze namna ya kufika.

#3 Mwalimu Mstaafu
Ndugu Mpenda Magofu, umeuliza vizuri, lakini tuanze kwa kuweka sawa habari ya mizinga. Mwaka 1505 hapakuwa na vita kubwa. Amiri Ibrahim aliyekuwa akitawala alikimbia, Wareno wakashuka, wakaupora mji bila kukutana na upinzani wa maana, wakajenga ngome na kumweka mtawala wao, Mohamed Ankoni, ambaye aliuawa muda mfupi baadaye. Ngome hiyo waliiacha mwaka 1512. Mji ambao haukuwa na utajiri usingeporwa kwa hamu ile. Tena miaka mitatu kabla, yaani 1502, Vasco da Gama alikuwa ameupitia mji huohuo, akamtisha Ibrahim kwamba atauteketeza, na akaondoka na ushuru wa dhahabu. Dhahabu hiyo ilifuliwa ikawa chombo cha ibada cha kanisa huko Belém, kilichokamilika mwaka 1506, na mpaka leo kimo katika jumba la makumbusho mjini Lisbon. Mgonjwa kitandani halipi dhahabu ya namna hiyo.

#4 Ukweli Mchungu
Mwalimu, kulipa dhahabu hakumaanishi kwamba ilikuwa bado inaingia, kwa sababu hata tajiri aliyefilisika huwa na akiba. Dhahabu ya Kilwa haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka bara, katika nyanda za Zimbabwe, ikashushwa Sofala, bandari iliyo Msumbiji ya leo, na Kilwa ikatajirika kwa sababu iliishika Sofala na kutoza ushuru mzito wa kila kilichopita. Sarafu ya huyohuyo al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa katika magofu ya Great Zimbabwe, kwa hiyo uhusiano huo si hadithi. Sasa tujiulize kilichotokea baadaye. Great Zimbabwe ilianza kuhamwa katikati ya karne ya 15, nguvu ikahamia kaskazini kwa dola la Mutapa, na wafanyabiashara wakaanza kuifuata dhahabu kwa njia ya mto Zambezi kupitia Angoche, bandari nyingine ya Msumbiji ya leo, ambako Kilwa haikuwa na mkono. Mtawala wa Sofala, Yusuf, alikuwa amekwisha kujitenga na Kilwa kabla Wareno hawajajenga ngome yao huko. Kwa hiyo namuunga mkono mleta uzi, ila muuaji ni soko.

#5 Nahodha wa Kigamboni
Nawasoma nyote, na sioni aliyeutaja upepo. Kilwa haikuwa kubwa kwa bahati. Jahazi likitoka Bara Arabu au India na kaskazi, kati ya Novemba na Machi, linaweza kufika Kilwa, kuuza, kununua na kurudi na kusi inayoanza Aprili, yote katika msimu mmoja. Likitaka kwenda Sofala moja kwa moja, pepo za kusini zaidi haziaminiki, na nahodha atajikuta amekwama hadi mwaka unaofuata. Ndiyo maana mizigo ya Sofala ililetwa Kilwa kwa vyombo vya wenyeji na kupakiwa upya pale. Mreno alikuja na meli zilizozunguka Rasi ya Tumaini Jema kutoka kusini, kwa hiyo yeye aliifika Sofala kwanza na Kilwa baadaye, na hesabu nzima ya misimu ikapinduka. Hata kama asingerusha risasi, kule kuja kwake tu kuliiondolea Kilwa sababu ya kuwapo. Bandari yenyewe, nawahakikishia, haikuwa na kosa: maji yale ni ya kina na yamekingwa vizuri kiasi kwamba nahodha yeyote angelala usingizi.

#6 Binti Kivinje
Asanteni kwa mjadala. Mimi asili yetu ni Kilwa Kivinje, ule mji wa bara, na nina neno kwa wote mnaosema mji ulikufa, awe muuaji ni Mreno au soko. Kilwa Kisiwani haikufa mwaka 1505. Katika karne ya 18 ilikuwa na sultani wake, na jumba la Makutani ambalo wageni hupiga picha kwenye kuta zake ni la wakati huo, si la wakati wa al-Hasan. Tatizo ni kwamba utajiri wa mara hii ulikuwa wa aibu. Mwaka 1776 Mfaransa aliyeitwa Morice alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vyao vya Bahari ya Hindi. Waomani wakaja kuishika Kilwa katika miaka ya 1780, na Gereza lile, yaani ngome iliyo ufukweni, kwa umbo lake la sasa, ni lao. Mfalme wa mwisho alichukuliwa akapelekwa Maskati miaka ya 1840. Biashara ilikwisha kuhamia kwetu Kivinje, ambako misafara ya kutoka Ziwa Nyasa iliteremkia. Ukitaka kumtaja muuaji, basi muuaji ni sultani wa Kiomani mwenye kiti Unguja.

#7 Ukweli Mchungu
Dada Binti Kivinje, kwa hiyo ninyi wa Kivinje mlirithi mali ya marehemu na sasa mnakuja kumtetea kwamba hakufa.

#8 Binti Kivinje
Kaka, tulirithi na mzigo wake pia. Hassan bin Omari Makunganya, kiongozi aliyewapinga Wajerumani, alinyongwa na Wajerumani pale kwetu mwaka 1895, na mahali penyewe panaitwa Mwembe Kinyonga hadi leo. Hao mnaokwenda Kisiwani na kurudi Dar siku ya pili bila kupita Kivinje mnaona nusu ya historia.

#9 Fundi Chokaa
Nimefanya kazi ya chokaa na mawe kwa miaka mingi, na naomba kusema kuhusu kuta zenyewe, kwa sababu zinashuhudia kuliko wasafiri. Msikiti Mkuu si jengo moja. Sehemu ya kaskazini ni ndogo na ndiyo ya zamani, ya karne ya 11 au 12, na ilikuwa na dari ya bapa iliyobebwa na nguzo. Sehemu ya kusini ni ule upanuzi mkubwa wa matao na kuba. Matumbawe ya kuchongea, yale laini, hukatwa chini ya maji yakiwa hai, huchongwa yakiwa bado mabichi, kisha hukauka na kuwa magumu. Mawe ya kujazia ukuta huchimbwa nchi kavu na kushikwa na chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hayohayo. Ukiingia Husuni Kubwa utaona kwamba vyumba ni vyembamba na virefu. Sababu yake ni boriti za mikoko, ambazo hazivuki sana mita mbili na nusu bila kupinda, kwa hiyo hata sultani mwenye dhahabu ya Sofala hakuweza kuwa na ukumbi mpana chini ya dari ya bapa. Kuba ndiyo iliyomtoa katika kifungo hicho.

Sasa nije kwenye hoja. Tarihi yenyewe ya Kilwa, yaani kitabu cha kale cha historia ya mji, inaeleza kwamba msikiti ulianguka, ukakaa muda mrefu bila kusimamishwa, na ukajengwa upya mwanzoni mwa karne ya 15. Mji uliokuwa umechoka usingeweza kusimamisha kuba zile. Kwa hiyo kulikuwa na kushuka na kupanda, na mleta uzi amehesabu kushuka peke yake.

#10 Mpenda Magofu
Fundi, shukrani, lakini umenipa silaha bila kujua. Kwa nini mji mkubwa kiasi hicho uliacha msikiti wake wa Ijumaa ukiwa umelala chini kwa muda mrefu namna hiyo? Hapo ndipo penye kitendawili. Kushuka kulianza baada ya al-Hasan, katikati ya karne ya 14.

#11 Msomaji wa Upanga
Katikati ya karne ya 14 ni wakati wa tauni kuu iliyopita Misri, Shamu na Ulaya, na wapo wataalamu wa mambo ya kale waliopendekeza kwamba iliifikia pwani yetu pia kwa njia ya bahari, na kwamba inaeleza kwa nini ujenzi ulisimama. Ni dhana inayovutia, ila mimi naitilia shaka, kwa sababu Songo Mnara, mji wa mawe ulio kusini kidogo ya Kilwa, ulijengwa na kustawi kuanzia mwishoni mwa karne hiyohiyo ya 14. Watu waliopukutika hawajengi mji mpya jirani.

#12 Mwalimu Mstaafu
Au walihama tu kutoka mji mmoja kwenda mwingine, wakafanya Songo Mnara kuwa makao ya familia zilizogombana na ukoo wa Mahdali, uliokuwa ukitawala Kilwa. Tusisahau kwamba Kilwa ilikuwa na ugonjwa wa ndani: mawaziri na maamiri waliwaweka na kuwaondoa masultani katika karne ya 15, na Amiri Ibrahim mwenyewe hakuwa wa ukoo wa kifalme, jambo ambalo Almeida alilitumia kuwa kisingizio. Nyumba yenye mgogoro wa urithi hufunguliwa mlango kutoka ndani.

#13 Kijana wa Sinza
Naomba kuuliza swali nje kidogo ya mstari. Tulifundishwa kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri zaidi duniani. Lakini nimesoma kwamba aliandika majengo yake yalikuwa ya mbao. Msikiti wa mawe ulikuwapo, Husuni Kubwa ilikuwa inajengwa wakati uleule, na mtu akaona mbao? Je, alifika kweli?

#14 Msomaji wa Upanga
Alifika. Alimtaja sultani kwa jina na kwa lakabu, Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi, kwa sababu ya ukarimu wake, na huyo ndiye al-Hasan bin Sulaiman wetu. Kumbuka hata hivyo kwamba safari yake aliisimulia zaidi ya miaka 20 baadaye akiwa Fez, na mwandishi mwingine ndiye aliyeiandika. Tena nyumba nyingi za mji wowote wa pwani zilikuwa za miti na udongo, na mawe yalikuwa ya wenye mali. Mgeni aliyetoka Damasko na Makka hakushangazwa na mawe.

#15 Ukweli Mchungu
Na mimi niulize basi. Huyo al-Hasan, na wote hao, walikuwa Washirazi au wenyeji? Maana kila mara tukiisifu Kilwa, anatokea mtu kusema ilijengwa na wageni saba na majahazi yao.

#16 Mwalimu Mstaafu
Tarihi inasema Ali bin al-Hasan, mwana wa Sultani wa Shirazi, alikinunua kisiwa kutoka kwa mtawala wa bara kwa nguo za kutosha kukizunguka. Ni hadithi nzuri, na kila ukoo wenye heshima huwa na hadithi ya namna hiyo. Lakini uchimbaji ulionyesha kwamba watu waliishi pale tangu karne ya 9 hivi, wakiwa na nyumba za udongo na vyungu vya aina inayopatikana pwani nzima na bara, kabla ya mawe na kabla ya Mshirazi yeyote. Kuhusu Ali mwenyewe, mchimbaji Neville Chittick alimweka mwishoni mwa karne ya 12, ila jina la Ali bin al-Hasan limo katika hazina ya sarafu za Mtambwe Mkuu, Pemba, ambazo zinamrudisha nyuma hadi karne ya 11. Ubishi huu unatokana na sarafu zenyewe, kwani sarafu za Kilwa hazikuandikwa mwaka. Upande mmoja una jina la sultani na upande wa pili sifa za Mungu, pande mbili zenye vina vinavyolingana. Walijali shairi kuliko tarehe.

#17 Kijana wa Sinza
Na vinasaba je? Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa mifupa ya makaburi ya miji ya pwani, Songo Mnara ikiwemo, na nilivyouelewa, kuanzia mwaka 1000 hivi waliozikwa pale walikuwa na asili mchanganyiko: upande wa mama zaidi Afrika, upande wa baba kwa sehemu kubwa Uajemi.

#18 Binti Kivinje
Kwa hiyo bibi alikuwa mwenyeji, na nyumba ilikuwa ya bibi. Nyanya yangu aliyasema hayo bila maabara. Waliozikwa katika makaburi ya fahari walikuwa wakubwa wa mji, na mkulima wa kisiwani hakupimwa, kwa hiyo msiwapimie watu wote kwa kipimo cha hao.

#19 Mkaazi wa Kivukoni
Nimefuata mjadala kimya. Naona nyote mnaisoma Husuni Kubwa kana kwamba kuachwa kwake ni dalili ya mji kuanguka. Tazameni hapahapa tulipo. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860 ili iwe makao yake, akajenga jumba la kifalme na nyumba za wageni, na Boma la Kale lililoko Sokoine Drive, la mwaka 1867, ni la wakati wake. Majid akafariki mwaka 1870, ndugu yake Barghash hakuutaka mji, na jumba likaachwa liporomoke. Je, Zanzibar ilikuwa imefilisika? Haikuwa. Barghash alikwenda kujenga majumba mengine makubwa zaidi upande wa pili wa maji. Kwa maoni yangu Husuni Kubwa ni mradi wa mtu mmoja, ulio karibu kilometa mbili nje ya mji, na mrithi wake aliamua kubaki karibu na msikiti na soko. Wapo pia wanaodhani kwamba ule uwanja wake wa kusini ulikuwa ghala na soko la mfalme zaidi ya makazi. Kwa hiyo jengo hilo lisitumike kuthibitisha kifo cha mtu yeyote.

#20 Mpenda Magofu
Mkuu, hoja yako ni nzito, na wanangu wameisoma wakacheka kwa furaha. Bado nauliza: kama mrithi alikuwa na fedha, mbona msikiti ulilala chini?

#21 Fundi Chokaa
Kwa sababu kuba ikianguka inahitaji fundi anayejua kuba. Fedha bila fundi haisimamishi tao. Nenda ukautazame ule msikiti mdogo wa kuba, kusini-magharibi ya Msikiti Mkuu, ambao ndani ya dari yake kulipachikwa bakuli za kauri zilizotoka ng'ambo. Kazi ile ilifanywa baada ya msikiti mkuu kusimamishwa tena, na inaonyesha mafundi walikuwapo tena kwa wingi.

#22 Ukweli Mchungu
Mmewasahau Wazimba, wale wapiganaji waliotoka bara. Mwaka 1587 walivuka wakati wa maji kupwa na kuua watu 3,000. Baada ya hapo hapakuwa na mji wa kuzungumzia kwa karne nzima. Hilo ndilo pigo la mwisho, na halikutoka baharini.

#23 Mwalimu Mstaafu
Habari hiyo inatoka kwa padri mmoja Mreno, João dos Santos, ambaye anasimulia pia kwamba mwenyeji aliyewaonyesha kivuko alitoswa baharini na Wazimba haohao kwa usaliti wake. Sikatai kwamba kulikuwa na shambulio. Hata hivyo idadi ya mviringo namna hiyo, pamoja na msaliti anayelipwa alichostahili, inanikumbusha mawaidha ya kanisani kuliko hesabu ya maiti. Jambo la kuzingatia ni kile kivuko: hata tarihi inasema kisiwa kiliunganika na bara maji yakipwa, na kwamba Ali alichimba mkondo ili mtawala wa bara asirudi. Masimulizi mawili yasiyojuana yanataja udhaifu uleule wa mji.

#24 Nahodha wa Kigamboni
Upande wa Kilwa Masoko, mji wa bara unaotazamana na kisiwa, hapavukiki kwa miguu hata kidogo. Labda huko nyuma kwenye mikoko, upande wa magharibi.

#25 Mkaazi wa Kivukoni
Anayeua mji sasa ni bahari. Magofu ya Kilwa na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya ukarabati na kazi ya kuzuia mmomonyoko wa ufukwe. Kuondolewa katika orodha hakujayazuia mawimbi. Ninyi mnaobishana kuhusu karne ya 14, kaangalieni upande wa Gereza unaotazama bahari, na zile kuta ambazo mizizi ya miti imezipasua.

#26 Mtoto wa Temeke
Sasa mmenishawishi, na swali langu la mwanzo bado halijajibiwa. Nitafikaje, na niende maji yakiwaje?

#27 Nahodha wa Kigamboni
Panda basi la kusini Mbagala Rangi Tatu alfajiri, vuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, shuka Nangurukuru kama basi linaendelea Lindi, kisha chukua gari la Kilwa Masoko. Wakati wa masika ulizia kwanza hali ya barabara, kwani Mei 2024 mafuriko yaliikata eneo la Somanga na watu wakakwama pande zote mbili. Masoko utalipia kibali, utapewa mwongozo, na utavuka kwa mashua kutoka gatini; ni mwendo mfupi. Kisiwani panda kwanza Husuni Kubwa asubuhi kabla ya jua kuwa kali, kwa sababu ndiko mbali, halafu urudi mjini kwenye Msikiti Mkuu, Makutani na Gereza. Songo Mnara ni safari ya siku nyingine, na huko ndiko maji yanakotaka hesabu: nenda maji yakiwa yanajaa, la sivyo utashuka mbali na utembee kwenye tope la mikoko na viatu mkononi. Ukirudi Dar kabla hujaandika chochote hapa, pita Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert ukavione vitu vilivyochimbwa Kilwa, kisha uje umjibu Ukweli Mchungu, maana mimi ameshanichosha.

#28 Ukweli Mchungu
Nipo, nahodha. Na sijasikia bado aliyenijibu kuhusu Angoche.